Je, kihisi cha hidrojeni chenye nyuzi za nano kinatosha kulinda chumba cha betri?

"Nina chumba kidogo cha betri za maji, seli 24 za volti mbilimbili, zinachajiwa kwa sola. Chumba kina ujazo wa kama meta 20 na dirisha moja. Jua likiwa kali chaja huendelea kusukuma ampea kama 5 hata betri zikiwa zimeshajaa, na nasikia maji yakitokota ndani ya seli. Nikafunga juu ya mlango kihisi cha hidrojeni aina ya MQ-8 kilichounganishwa na king'ora. Kinanichanganya. Mvua ikinyesha kinalia, mtu akipaka rangi kinalia, siku nyingine zote kimya. Nikikijaribu kwa gesi ya kiberiti bila kuwasha kinalia papo hapo, kwa hiyo naamini ni kizima. Rafiki yangu aliyesomea elektroniki ananishauri nitafute kihisi kipya chenye nyuzi za nano za oksidi ya zinki zilizonyunyiziwa paladiamu. Anasema kinashika hata sehemu moja kwa milioni na hakihitaji kupashwa joto. Je, ni kweli? Na nikikipata, naweza kulifunga lile dirisha? Vumbi linaingia sana."

Nianze na dirisha, maana hilo ndilo linaloweza kuumiza mtu. Usilifunge. Hata ukipata kihisi bora kuliko vyote, liache wazi mpaka utakapokuwa umetoboa matundu ya kudumu ya kupitisha hewa. Matundu yanayohitajika ni madogo kuliko unavyodhani, nitakupigia hesabu yake hapa chini, na vumbi lako lina dawa. Kihisi hakiondoi gesi chumbani. Kinapiga kelele tu gesi ikishakuwapo.

Sasa tuje kwa rafiki yako. Hakukudanganya. Vihisi anavyovisema vipo, vimetengenezwa katika maabara nyingi, na baadhi yake kweli hushika sehemu moja kwa milioni bila hita. Lakini amekujibu swali ambalo chumba chako hakijauliza. Wasiwasi wako, nikiusoma vizuri, ni huu: nitajuaje kwamba kelele hii ni ya hidrojeni na si ya mvua, na nitajuaje kwamba ukimya huu ni wa usalama na si wa kihisi kilichokufa? Nano peke yake haijibu lolote kati ya hayo mawili.

Hidrojeni huanza kuweza kuwaka inapofika asilimia 4 ya hewa, yaani sehemu 40,000 kwa milioni, zile ambazo kwenye vifaa huandikwa ppm. Ving'ora vya viwandani kwa kawaida huwekwa vilie gesi ikifika sehemu ya kumi au robo ya kiwango hicho, yaani ppm 4,000 au 10,000. Hewa ya kawaida tunayovuta, hata mbali na betri yoyote, ina hidrojeni ya karibu nusu ya ppm. Kwa hiyo kihisi kinachoshtuka kwa ppm 1 kinaona kitu ambacho kwako hakina maana yoyote. Ustadi huo una wenyewe: wataalamu wa hospitali wanaopima hidrojeni katika pumzi ya mtu anayeshindwa kumeng'enya sukari ya maziwa, ambao hutafuta ongezeko la ppm 20 hivi, au mafundi wanaosaka tundu dogo kwenye bomba kwa kulijaza mchanganyiko wa hidrojeni asilimia 5 na naitrojeni 95. Wewe unataka kifaa kinachosema ukweli kati ya ppm 1,000 na 40,000, mwaka huu na mwaka wa tatu.

Hiyo isikufanye uidharau gesi yenyewe. Haina rangi wala harufu, mwali wake mchana hauonekani kwa urahisi, na inaweza kuwaka kuanzia asilimia 4 hadi 75, wakati methani huishia 15. Cheche ya milijuli 0.02 inatosha kuiwasha, chini ya sehemu ya kumi ya ile inayohitajiwa na methani. Umeme tuli wa nguo yako unatosha na kubaki.

Ili uelewe kwa nini king'ora chako kinalia wakati wa mvua, inabidi tuingie ndani ya kile kikopo cha chuma cha MQ-8. Humo kuna tabaka la chembechembe za oksidi ya bati zilizochomwa zikashikana, na hita ndogo inayolipasha joto la nyuzijoto mamia kadhaa. Oksidi ya bati ni semikondakta. Inapitisha umeme, lakini kwa shida, kwa kuwa elektroni zilizo huru ndani yake ni chache, na hizo chache zinatokana hasa na kasoro za fuwele, mahali ambapo atomu ya oksijeni ilipaswa kuwapo na haipo. Mimi hupenda kuwaambia wanafunzi kwamba kihisi kinaishi kwa kasoro zake: oksidi ya bati iliyo kamilifu isingekuwa na habari ya kutupa.

Hewa ikigusa uso wa chembe hizo, oksijeni hujishikiza pale na kunyakua elektroni kutoka ndani. Katika joto dogo hubaki molekuli nzima iliyobeba elektroni moja. Ukivuka nyuzijoto 150 hivi, huanza kupasuka kuwa atomu mojamoja zenye chaji, na hizo ni kali zaidi. Vyovyote iwavyo, chini ya uso linabaki gamba jembamba lililonyang'anywa elektroni, lenye unene wa nanomita chache, na nanomita moja ni sehemu ya bilioni ya meta. Umeme haupiti vizuri kwenye gamba hilo, wala kwenye maungio ya chembe na chembe, kwa hiyo ukinzani unapanda. Hiyo ndiyo sura ya hewa safi: ukinzani mkubwa.

Hidrojeni inapofika, inaungana na ile oksijeni iliyojishikiza. Zao lao ni mvuke wa maji, unaoondoka kwa sababu ya joto, na elektroni iliyokuwa imefungwa inarudi ndani. Gamba linapungua, ukinzani unashuka, na saketi yako inasoma mshuko huo kama volti inayopanda.

Umeona kilichotokea? Kihisi hakikuiona hidrojeni hata kidogo. Kimeona oksijeni ikipungua usoni pake, basi. Gesi yoyote inayoweza kuungua itafanya kazi hiyohiyo: spiriti, viyeyushi vya rangi, monoksidi ya kaboni, butani. Watengenezaji wanajitahidi kuipendelea hidrojeni kwa kuchagua joto la hita na kwa kuongeza vichocheo, na MQ-8 kweli inaijibu hidrojeni kwa nguvu kuliko gesi nyingine, lakini kupendelea si kutambua. Ndiyo maana mtu anayepaka rangi anakulizia king'ora.

Mvua ina kisa chake. Unyevu wa hewa ukiongezeka, molekuli za maji huukalia uso wa oksidi na kuacha vikundi vya hidroksili, yaani oksijeni na hidrojeni zilizoshikana. Hilo lenyewe hushusha ukinzani, kwa hiyo kihisi kinadhani kuna gesi. Halafu maji hayo yanachukua nafasi ambazo oksijeni ingejishikiza, na siku hidrojeni ya kweli ikija, mshuko wake unakuwa mdogo kuliko ulivyopangwa. Unyevu basi unakupa kelele za uongo na papo hapo unakutia uziwi. Kifaa cha kiwandani hupima unyevu na joto pembeni na kusahihisha hesabu. Moduli yako ina skrubu ndogo tu ya kupandisha au kushusha kizingiti, na aliyeizungusha, awe wewe au fundi wa kiwandani, hakujua amekiweka kwenye ppm ngapi.

Na yale majaribio ya kiberiti, tafadhali yaache kabisa. Kwanza unapuliza gesi inayowaka ndani ya chumba ambacho tayari kinaweza kuwa na gesi inayowaka. Pili, butani safi kutoka kwenye kiberiti inakifikia kihisi ikiwa na nguvu kubwa mno, kwa hiyo hata kihisi kilichopoteza sehemu kubwa ya uwezo wake kitalia. Umethibitisha kwamba waya hazijakatika. Hujathibitisha kwamba kitalia hidrojeni ikifika asilimia 1. Jaribio la haki hufanywa kwa chupa ya gesi ya kipimo, yaani hewa iliyochanganywa hidrojeni ya kiasi kinachojulikana na kilicho chini ya asilimia 4, inayopelekwa kwenye kihisi kwa kifuniko maalumu na kwa kasi inayodhibitiwa.

Basi nano inaongeza nini? Inaongeza mengi, na hapo rafiki yako ana hoja nzito. Kumbuka lile gamba lisilo na elektroni, la nanomita chache. Kwenye chembe yenye upana wa mikromita 1, gamba hilo ni ngozi tu. Ndani kote elektroni zinazunguka kama kawaida. Sasa punguza chembe. Mto mpana ukijaa matope ukingoni, maji bado yanapita katikati, lakini kijito chembamba matope yaleyale yanakiziba chote. Chembe ya nanomita sita hivi ni kijito: gamba la upande huu linakutana na la upande ule, na hakuna katikati iliyobaki. Hapo badiliko dogo la usoni ni badiliko la chembe nzima. Mwaka 1991 Noboru Yamazoe na wenzake nchini Japani walionyesha jambo hili kwa oksidi ya bati: usikivu ulipaa ghafla chembe zilipokuwa ndogo kuliko takriban nanomita 6.

Wazo lenyewe la kutumia oksidi kunusa gesi ni la zamani zaidi. Mwaka 1962 Tetsuro Seiyama na wenzake, hukohuko Japani, walitumia utando wa oksidi ya zinki, na mwaka huohuo Naoyoshi Taguchi akaomba hataza ya kihisi cha oksidi ya bati. Kikopo kilicho juu ya mlango wako ni mjukuu wa kile cha Taguchi. Zinki ya rafiki yako si ngeni, kilicho kipya ni umbo.

Umbo la uzi lina faida nyingine ambayo watu huisahau kwa kushangilia usikivu. Chembe ndogo za duara zikikaa kwenye joto la nyuzijoto 300 kwa miezi, zinaungana polepole na kuwa kubwa, na usikivu ulioununua kwa udogo wake unaisha. Uzi wa nano, ambao mara nyingi ni fuwele moja toka mwanzo hadi mwisho, hauna haraka ya kubadilika hivyo. Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo sababu nzuri zaidi ya kuzipenda nyuzi za nano, kuliko hadithi ya ppm moja.

Paladiamu inaongeza uteuzi kiasi, yaani uwezo wa kuitofautisha hidrojeni na gesi nyingine. Metali hii inaijua hidrojeni kuliko metali karibu zote: inaipasua molekuli kuwa atomu mbili, inazinyonya ndani yake, na inaweza kumeza hidrojeni yenye ujazo mamia ya mara kuliko ujazo wake yenyewe, jambo ambalo Thomas Graham alilieleza tangu miaka ya 1860. Vinundu vya paladiamu vikikaa juu ya uzi wa oksidi, atomu za hidrojeni humwagika kutoka kwenye vinundu hadi kwenye oksidi na kuwahi oksijeni pale. Pia paladiamu iliyomeza hidrojeni hubadilisha kizuizi cha umeme kilichopo kati yake na oksidi. Kwa sababu upasuaji wa molekuli hauhitaji tena joto kubwa, kihisi kinaweza kufanya kazi bila hita.

Ila kazi bila hita ina gharama zake. Mvuke wa maji uliozalishwa hauna joto la kuuondoa, na unyevu wa hewa nao hauondoki, kwa hiyo lile tatizo lako la mvua linakuwa kubwa zaidi badala ya kupungua. Majibu yanakuwa ya polepole, na kurudi kwenye hali ya hewa safi kunaweza kuchukua dakika nyingi. Baadhi ya watafiti humulika uso kwa mwanga wa urujuanimno ili kuusafisha. Paladiamu yenyewe huvimba inapomeza hidrojeni nyingi, hujikunja inapoitoa, na baada ya mizunguko mingi inaweza kupasuka au kubanduka, ndiyo maana wengi huichanganya na nikeli, fedha au dhahabu. Tena misombo ya salfa huitia sumu, na betri ya risasi na asidi inayochajiwa kupita kiasi inaweza kutoa sulfidi ya hidrojeni. Yaani chumba chako ndicho chenye sumu ya kihisi unachotaka kukiweka humo.

Kuna suala lingine ambalo halionekani kwenye matangazo. Ukinzani wa vihisi hivi haushuki kwa mstari ulionyooka. Mara nyingi unafuata kipeo: gesi ikiongezeka mara kumi, ukinzani unashuka labda mara tatu tu. Kihisi kinachopiga mbio kwa ppm 1 au 10 kinaweza kuwa kimeshachoka kinapofika ppm elfu kadhaa, kikawa hakitofautishi 5,000 na 20,000. Lakini wewe unaishi kwenye elfu hizo. Kwa hiyo usikivu mkubwa kupita kiasi unaweza kuwa kasoro.

Ukisoma matokeo ya maabara, tazama walivyopima kabla hujatazama walichopata. Mfano maarufu ni wa mirija ya nano ya oksidi ya titaniamu, iliyotengenezwa na kundi la Craig Grimes katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania State. Mwaka 2006 waliripoti kwamba kwa ppm 1,000 za hidrojeni, katika joto la kawaida la chumba, ukinzani ulibadilika zaidi ya mara milioni mia moja. Ni kazi ya kuvutia na naiheshimu. Lakini hidrojeni hiyo ilikuwa ndani ya naitrojeni, ikabadilishanwa na hewa. Oksijeni nayo ilikuwa ikiingia na kutoka, na wewe umeshaona oksijeni inafanya nini. Chumbani kwako oksijeni haiondoki. Majaribio mengi pia hufanywa kwa hewa kavu, gesi moja, kwa siku au wiki chache. Idara ya Nishati ya Marekani, ilipoweka malengo ya vihisi vya usalama wa hidrojeni, ilitaka vipime kuanzia asilimia 0.1 hadi 10, vijibu chini ya sekunde moja, vivumilie unyevu wa karibu kila kiwango, na vidumu miaka 10. Hilo la miaka 10 ndilo linaloondoa wengi kwenye mchezo.

Uteuzi wa kweli unatafutwa kwa njia nyingine, na hapa nano ina ahadi nzuri. Molekuli ya hidrojeni ni ndogo: kipenyo chake cha kupita kwenye tundu ni nanomita 0.29 hivi, wakati monoksidi ya kaboni na methani ni karibu 0.38. Ukizivika nyuzi za oksidi ya zinki utando wenye vitundu vya nanomita 0.34, hidrojeni inapenya na wakubwa wanabaki nje. Watafiti wamefanya hivyo kwa utando uitwao ZIF-8, na wengine kwa tabaka jembamba la silika. Njia nyingine hutumia oksidi ya tungsteni iliyopakwa paladiamu au platini, ambayo hugeuka buluu ikikutana na hidrojeni. Badiliko hilo linaweza kusomwa kwa nyuzi za kioo bila umeme wowote kufika mahali pa hatari. Kama ningekuwa na pesa za kuweka dau juu ya kihisi cha kesho, ningeziweka hapo.

Leo lakini, kwa chumba chako, una aina nyingine zilizozoeleka. Kihisi cha ushanga wa kichocheo huiunguza gesi kidogo juu ya kishanga chenye joto na kupima joto lililoongezeka. Kinaaminika kwenye asilimia unazozihitaji, ila nacho hujibu gesi zote zinazowaka, na mvuke wa silikoni unaweza kukiua. Cha elektrokemia ni kisikivu na hakili umeme mwingi, lakini huchanganywa na monoksidi ya kaboni na huisha baada ya miaka michache. Cha upitishaji joto hutumia ukweli kwamba hidrojeni hupitisha joto karibu mara saba kuliko hewa. Hakihitaji oksijeni wala hakitiwi sumu, ingawa ni kizito kusikia viwango vidogo. Yoyote kati ya hivyo, au hata cha oksidi ya metali, inafaa ikiwa kifaa kizima kimethibitishwa kwa kiwango cha IEC 60079-29-1 au ISO 26142, ambavyo ni viwango vya kimataifa vya vifaa vya kugundua gesi. Nasisitiza kifaa kizima. Kikopo cha MQ-8 kina wavu wa chuma unaozuia hita yake isiwashe gesi ya nje, lakini rilei na plagi ulizounganisha nacho hazina wavu, na umeona jinsi cheche inayotosha ilivyo ndogo.

Kuna jambo moja zaidi juu ya ukimya. Hita ya kihisi chako ikikatika, oksidi inapoa na ukinzani wake unapanda. Ukinzani mkubwa, tulisema, ndiyo sura ya hewa safi. Kihisi kilichokufa kwa namna hiyo kinakuambia kila kitu ni shwari, siku zote. Kifaa kilichothibitishwa hujichunguza na kutoa taarifa ya hitilafu. Cha kuunganisha mwenyewe hunyamaza. Pia aina hii hutakiwa kupashwa joto zaidi ya saa 24 kabla vipimo vyake havijatulia, kwa hiyo ukikizima usiku ili kubana umeme, asubuhi unakianza upya.

Sasa hesabu niliyokuahidi. Betri ikishajaa, umeme unaoendelea kuingia unavunja maji. Kila ampea moja kwa saa moja inatoa karibu lita 0.45 za hidrojeni kwa kila seli, kwenye joto la nyuzijoto 25. Seli zako 24 kwa ampea 5 zinatoa lita 55 hivi kila saa. Chumba chako kina lita 20,000, kwa hiyo kikifungwa kabisa kitafika asilimia 1 chini ya saa nne, kwa wastani. Wastani huo unafariji kupita kiasi, kwa sababu gesi inayopanda kutoka kwenye seli hukusanyika kwanza darini na kwenye kona za juu. Chaja ikiharibika ikasukuma ampea 30, zidisha kwa sita.

Kiwango cha IEC 62485-2, kinachohusu betri zilizofungwa mahali pa kudumu, kina kanuni fupi: hewa inayohitajika kwa saa, kwa meta za ujazo, ni 0.05 mara idadi ya seli mara ampea zinazotoa gesi. Kwako ni 0.05 × 24 × 5, yaani meta za ujazo 6 kwa saa, na ndani ya ile 0.05 tayari kuna akiba ya usalama ya mara tano. Eneo la tundu, kwa sentimita za mraba, ni 28 mara hewa hiyo: karibu 170. Mraba wa sentimita 13 kwa 13. Unahitaji mawili ya hivyo, moja chini la kuingiza hewa na moja juu kabisa la kuitoa, ikiwezekana kwenye kuta zinazotazamana. La chini lifunike kwa wavu na kinga ya vumbi iliyopinda, ukikumbuka kwamba wavu hula nafasi, kwa hiyo tundu liwe kubwa zaidi kidogo na lisafishwe. Dirisha hapo unaweza kulifunga. Kihisi kihamishe kutoka juu ya mlango hadi sehemu ya juu kabisa ya dari, mbali na tundu linaloingiza hewa safi. Ukiweka feni, injini yake isikae kwenye njia ya hewa inayotoka, isipokuwa iwe ya aina isiyotoa cheche.

Kabla ya hayo yote, ile ampea 5 yenyewe inanitia shaka. Betri zikishajaa, chaja inapaswa kushusha volti hadi kiwango cha kushikilia, karibu 2.25 kwa seli, kama volti 54 kwa seli 24. Kutokota kwa nguvu huanza karibu na volti 2.4 kwa seli. Kutokota kwa muda mfupi wakati wa kusawazisha seli ni kawaida na kuna faida, lakini kutokota kila siku ya jua kunaonyesha chaja haishuki, au imewekwa kwa aina nyingine ya betri, au haipimi joto la betri. Ukirekebisha hapo unapunguza gesi kwenye chanzo, na maji ya betri hutayaongeza mara kwa mara.

Mambo haya mengine usiyafanye kwa maandishi yangu. Mwite fundi wa umeme mwenye uzoefu wa mifumo ya betri aje achunguze chaja na matundu, umwandalie uwezo wa betri kwa ampea-saa, mipangilio ya chaja, na kumbukumbu ya mara ngapi umeongeza maji. Mwite haraka ukiona seli moja ina joto kuliko wenzake, au betri imevimba. Ukisikia harufu ya mayai yaliyooza, au king'ora kilichothibitishwa kikilia, usiingie kuangalia: usiguse swichi yoyote ndani, iwe ya kuwasha au ya kuzima, watoe watu, na kama swichi ya kukata sola iko nje na mbali na chumba, ikate hapo, kisha ita zimamoto.

Na kile kihisi cha nyuzi za nano, ukikipata, kiweke. Sisemi kwa dhihaka. Kifunge karibu na kifaa kilichothibitishwa, mbali na njia ya gesi uunganishe kinasa data chake, uandike kila siku unyevu, joto, na vyote viwili vinasema nini. Baada ya msimu mmoja wa mvua utakuwa na takwimu ambazo rafiki yako angependa kuziona.